Kiangazi Kisicho na Moshi

Kabambare, 2 Juni 1952

Daftari hili nilipewa kwa kuandika mvua, na tangu tarehe ishirini na moja ya mwezi uliopita halijaanguka tone. Kurasa za nyuma ni tupu. Nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu, kwa hiyo nitaliandika humu kwa Kiswahili. Bwana Delvoye anakijua Kiswahili cha kuagiza chai na kuita wapagazi, lakini hakisomi.

Mimi ni Zéphirin, karani wa Kamati ya Mbuga. Asubuhi napima joto, mvua na upepo pale kilimani nyuma ya ofisi, kisha napiga barua kwenye mashini mpaka jioni. Leo Bwana Delvoye aliniita ndani, akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniuliza ni mwezi gani ulio bora kwa kwenda kulitazama ziwa Kisemba. Mkubwa wa Kamati anatoka Ulaya, naye atafika mara moja tu. Akilipenda ziwa, litafanywa mbuga ya wageni. Asipolipenda, mbuga itawekwa kwingine, na Kisemba itasahauliwa.

Nikamletea madaftari ya miaka saba. Nikamwambia mwezi wa nane. Akauliza sababu. Nikasema mvua hakuna, njia ni kavu, madaraja yanapitika, mbu ni wachache. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa na tarakimu yake. Akanishika mkono.

Sikumwambia habari za moshi.

3 Juni

Niandike yote, nisije baadaye nikajidanganya.

Kisemba ni kwetu. Nilizaliwa kule juu, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, katika kijiji cha mjomba wangu Lusangi, kilichokaa ukingoni mwa ziwa. Mjomba ndiye mwenye moto. Kila mwaka, katikati ya mwezi wa saba, yeye peke yake hufungua moto, na miteremko yote huchomwa kwa ajili ya kuwinda ndezi na kuotesha majani mapya. Hakuna mtu awezaye kuchoma kabla yake. Ziwa limekaa chini, milima imelizunguka, kwa hiyo moshi ukishaingia hautoki. Mpaka mwezi wa tisa unaweza kusimama ukingoni usione mtumbwi wa jirani yako. Macho yanawaka, na vitu vyote vinanuka majivu.

Wakati mzuri wa Kisemba ni siku za kwanza za mwezi wa kumi. Mvua mbili tatu zinakuwa zimeosha hewa, na njia haijakatika bado. Maji yanaonekana mpaka kwenye mawe ya chini. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua.

Lakini mwezi wa tano nilipiga barua moja kwenye mashini, nakala tatu. Ilisema mbuga haitakuwa na wakaaji. Nyumba sitini na mbili za kando ya ziwa zitavunjwa, na watu watapelekwa kwenye barabara kuu. Mama yangu, Amisa, anakaa nyumba ya nne kutoka majini. Amezika watoto wanne nyuma ya nyumba ile.

Basi Mkubwa na aje mwezi wa nane, atazame moshi, akohoe, arudi kwao. Sikusema uongo. Nimejirudia neno hilo kutwa nzima.

11 Juni

Barua ya jibu imefika. Mkubwa atashuka na ndege Kasongo, atafika Kabambare tarehe 16 Agosti, na ziwani tarehe 18. Bwana Delvoye alinionyesha mstari wenye jina langu: "kwa shauri la karani wetu." Mke wangu Émérance alipousikia alisema sasa nitapata cheti cha watu walioendelea, kile serikali inachowapa weusi waliosoma, na tutahamia Kasongo, karibu na shule ya masista alikosomea. Jioni alipiga pasi shati langu ambalo halikuhitaji pasi.

20 Juni

Digrii kumi na nne asubuhi. Hakuna jambo.

29 Juni

Misa. Padri alituombea kusafiri salama, ingawa hakuna aliyekuwa anasafiri.

6 Julai

Théophile amepita na chumvi yake akielekea milimani. Yeye ndiye mchuuzi pekee anayepanda mpaka kwetu, mtu mcheshi, kiko hakitoki mdomoni. Alinipongeza. Nikauliza kwa lipi. Akasema Kabambare nzima inajua kwamba nimeita mzungu mkubwa kutoka Ulaya aje kutembelea kijiji chetu. Nikamwambia sikuita mtu. Akacheka, akafunga mzigo wake.

15 Julai

Kutoka kilimani kwenye vipimo, siku za kawaida unaona mstari wa milima upande wa mashariki. Moto wa mjomba ukifunguliwa, moshi husimama pale. Leo nimetazama asubuhi na saa kumi. Hakuna.

16 Julai

Hakuna.

17 Julai

Hakuna. Upepo wa mashariki, kama kawaida yake. Moshi wa bondeni unakwenda magharibi, kwa hiyo wa huku hauwezi kutusaidia. Moshi unaoziba Kisemba ni wa Kisemba.

19 Julai

Hakuna moshi. Bwana Delvoye alinikuta nimesimama pale na saa yangu ya kupima ilikwisha kupita. Alidhani natazama kwetu kwa hamu. Akaniwekea mkono begani, akasema na yeye ana mto kwao ambao huuota. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya.

22 Julai

Théophile amerudi. Nimekaa naye nyuma ya ghala akanieleza.

Mjomba Lusangi amefunga moto. Mwaka huu hakuna kuchoma mpaka mgeni apite. Aliita watu wote uwanjani akawaambia kwamba mgeni wa Zéphirin hawezi kupita juu ya masizi na kuchafua nguo zake nyeupe, wala kukohozwa na moshi kama panya shimoni. Hakuna aliyebisha. Wawindaji wameweka nyavu zao kando. Ndezi wamekaa kwenye majani yao, na watu wanakula ugali na sombe kavu, majani ya mihogo, bila nyama.

Nikamuuliza Théophile ni nani aliyewaomba hayo. Akanishangaa. Akasema hakuna aliyeomba, mgeni ni wangu.

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kuandika barua haiwezekani. Hakuna anayesoma kule isipokuwa katekista, na katekista hupeleka kila kitu kwa padri. Nikimwambia Théophile sababu yenyewe, kesho sokoni kila mtu atakuwa nayo, keshokutwa Bwana Delvoye, na mimi gerezani kwa kutoa siri ya Kamati. Kwa hiyo nilimpa ujumbe mfupi, nikamfanya aurudie mara tatu: "Musijisumbue. Muchome kama kila mwaka. Huyu mugeni hapana mutu wa kusumbukiwa." Nikamwomba apande tena kesho. Alilalamika, lakini amekubali.

25 Julai

Hakuna moshi.

27 Julai

Hakuna. Émérance ameniuliza kwa nini sili. Nikasema ni joto. Ni yeye anayepiga pasi kwenye joto, mimi nakaa ofisini.

31 Julai

Ujumbe wangu ulifika, neno kwa neno. Théophile aliusema uwanjani mbele ya watu wote, na watu wakafurahi sana. Mjomba alisimama akawajibu, na Théophile, kwa kuwa ni mwigaji hodari, alinitolea jibu lile kwa sauti ya mjomba mwenyewe:

"Mutoto mwenye adabu hawezi kusema, 'Mumuhangaikie mugeni wangu.' Atasema, 'Musijisumbue.' Ni siye wakubwa tunajua kile moyo yake inataka."

Ningalikuwa nimekaa kule ningalijua. Kwetu mtu akikuambia usimchinjie kuku, unachinja mbuzi. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyolelewa, na miaka kumi ya ofisi imenifanya nisahau. Sasa wameongeza. Wanawake wanakata majani ya njiani kwa mikono, tangu mtoni mpaka ziwani. Mama ametoa vitega samaki vyake majini ili ukingo uwe safi.

1 Agosti

Nimemwomba Bwana Delvoye ruhusa ya kwenda kumwona mama. Akasema vizuri, alitaka mtu atangulie kukagua madaraja. Nitaondoka tarehe tano, nitabaki kule mpaka Mkubwa afike. Nitafuatana na Dominique, mlinzi wa Kamati, ambaye kazi yake ni kusikiliza na kuripoti, na huifanya kazi hiyo hata akiwa anatafuna.

Kisemba, 7 Agosti

Tumefika saa tisa mchana. Tulipotokea juu ya mlima wa mwisho, Dominique alisimama. Akasema hakujua kwamba kitu kama kile kilikuwepo.

Wala mimi sijawahi kuliona ziwa katika mwezi wa nane. Nimekaa hapa miaka kumi na sita ya utoto, na mwezi wa nane ulikuwa wa kukohoa. Leo milima yote ilikuwa ndani ya maji, kichwa chini. Nilifurahi na nikaona kichefuchefu kwa pamoja.

Njia imefagiwa. Kila daraja lina miti mipya. Hakuna cha kukagua.

9 Agosti

Jana nilijaribu kwa mjomba. Dominique alikuwa amekaa mlangoni akila karanga zetu. Nikamwambia mjomba kwamba ni bora afungue moto, mimi sioni ubaya, wazungu wanapenda kuona desturi. Mjomba akacheka taratibu, akamwambia Dominique kwamba nimelelewa na dada yake, ndiyo sababu nasema hivi.

Leo nilimpata mama peke yake majini, akiosha sufuria. Hapakuwa na mtu karibu. Niliketi juu ya jiwe nikaanza, nikasema, "Mama, huyu mugeni..." Akanikatiza. Hakuwa na haraka, alikuwa anasugua sufuria huku akinena.

"Zamani wanamuke wa hapa walikuwa wananicheka," akasema. "Amisa alizaa mutoto, mapadri wakamukula. Hata sala ya Kiislamu ya baba yake aliacha. Leo ona. Wote wanakata majani juu ya jina lako. Juzi muke wa kaka yangu aliniletea kuni mwenyewe."

Nilifunga mdomo. Naandika hapa wazi, maana hakuna atakayesoma: haikuwa kwa sababu ya Dominique. Nilipenda. Tangu tulipofika watu wananiamkia kwa mikono miwili, na wazee wanahama kwenye kivuli ili nikae. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lingeniondolea hayo yote, nikalimeza. Nina aibu, na bado nilipenda.

11 Agosti

Siku saba zimebaki. Anga safi kabisa.

12 Agosti

Siku sita. Nimezunguka mteremko wa mashariki peke yangu. Majani ni makavu mpaka yanalia ukiyagusa, na upepo unashuka kuelekea ziwani. Mteremko ule ukiwaka wote, magogo ya chini hufuka wiki mbili.

13 Agosti

Mkono wangu wa kulia umefungwa, naandika vibaya.

Asubuhi Théophile, aliyekuwa amepanda tena na chumvi, aliondoka kijijini kwa njia ya mashariki, kiko mdomoni. Nilingoja mpaka jua likawa kichwani, watu wakiwa ndani wanakula. Nikamwambia Dominique naenda kujisaidia. Nikapanda mteremko. Kuchoma kabla ya mwenye moto ni kosa ambalo kwetu halina faini. Mtu anatengwa tu, na watu wanaacha kutaja jina lake. Nililijua hilo nikiinama. Nilipiga kiberiti mara mbili, upepo ukazima. Mara ya tatu majani yakashika.

Yalishika vizuri. Nilirudi nyuma, nikaona moshi ukiinuka na kuinama kuelekea majini, mzito, mweupe, kama nilivyotaka. Kwa muda mfupi nikapumua.

Ndipo nikasikia ngoma. Sikuwa nimewaza kwamba watazima. Kila mwaka tunawasha, hatujawahi kuzima. Walitoka kijiji kizima, wanaume, wanawake, wazee, na matawi mabichi mikononi, wakapanda mbio. Walinikuta nimesimama pale. Mjomba, mtu wa miaka sabini, alinitupia tawi bila kuniuliza, maana kwa macho yake nilikuwa nimetangulia kufika. Nikapiga moto nao. Ningefanya nini kingine? Niliupiga moto wangu mwenyewe, bega kwa bega na mama, ambaye kitambaa chake kilishika moto upande mmoja akakizima kwa mkono na kuendelea. Nilipomwona vile nikasahau kila kitu, nikawa napiga kweli, kwa nguvu zangu zote, nikitaka uzimike.

Ulizimika saa tisa. Mteremko umeungua upande mdogo tu, kama mashamba mawili. Tulikaa chini, nyuso nyeusi, watu wakaanza kucheka kwa kuchoka. Walinionyesha ziwa. Tayari upepo ulikuwa unaufungua moshi, na maji yalionekana. Wakaniambia nisiogope, mgeni wangu ataliona.

Mjomba alisema ni kiko cha Théophile. Wote wakakubali mara moja. Kuanzia leo Théophile haingii tena Kisemba, na anayetaka chumvi atashuka mwenyewe. Walinitazama kama nina neno. Nikainama, nikajifunga kitambaa kwenye mkono ulioungua.

14 Agosti

Anga safi.

15 Agosti

Anga safi. Mama anapaka mafuta ya mawese kwenye mkono wangu na kwenye wake.

18 Agosti

Alifika saa nne asubuhi. Walimbeba kwa kipoyi, kiti cha kuchukuliwa mabegani, mpaka mtoni, kisha akataka kutembea. Bwana Delvoye alikuwa nyuma yake, amekunja mikono kama mtu anayengoja jibu la mtihani.

Mkubwa ni mzee mwembamba, anavuta pumzi kwa shida. Alipotokea juu alivua kofia. Alisimama muda mrefu sana, nikawa namtazama yeye badala ya ziwa, nikitafuta usoni mwake hata dalili moja ya kuchoka, ya kiu, ya mguu unaouma. Akasema kwa Kifaransa, polepole, kwamba amezunguka nchi hii miaka thelathini na hajaona mahali penye utulivu kama huu. Akauliza ni nani aliyechagua mwezi.

Bwana Delvoye akanisukuma mbele. Mkubwa alinipa mkono mbele ya kijiji chote. Alisita kidogo alipoona kitambaa, akaushika kwa wepesi ili asiniumize. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba Lusangi alikuwa analia wazi, bila kujificha.

Saa saba walikula samaki. Mkubwa alisifu njia, alisifu usafi wa ukingo, akamwambia Bwana Delvoye kwamba hawa ni watu wa heshima, na watahamishwa kwa heshima. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti nikitafsiri. Mjomba akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anasema sisi ni watu wa heshima.

Kabambare, 23 Agosti

Tumerudi. Émérance amepokea habari kwamba tutahamishiwa Kasongo. Anaimba jikoni.

2 Septemba

Bwana Delvoye amenipa cheti mkononi. Nimekiweka chini ya godoro.

9 Septemba

Mvua ya kwanza, milimita kumi na moja. Imewahi. Mjomba alikuwa amepanga kufungua moto tarehe kumi, kwani hakutaka kuwasha mgeni angali nchini. Mwaka huu kule hakutakuwa na windo wala majani mapya, walingoja mpaka wakapitwa. Théophile nilimwona sokoni akiuza chumvi kwa vikombe, chini kabisa ya bei, akaniamkia kama zamani. Nikapita haraka.

15 Septemba

Amri imefika, imetiwa sahihi. Bwana Delvoye alinisomea huku akitazama dirishani. Alisema ni lazima isomwe kwao na mtu wanayemwamini. Nikasema kuna Dominique. Akasema Dominique hawamwamini.

Nimemweleza Émérance yote usiku huu, tangu moshi wa kwanza nisiousema mpaka moto nilioupiga. Nilidhani atakasirika juu ya Kasongo. Akaniuliza swali moja tu, kama mama anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi hujaeleza kitu."

Kisemba, 20 Septemba

Nimesoma. Nilisoma nimesimama, uwanjani, jua likiwa juu, kwa Kiswahili na kisha kwa lugha yetu. Nyumba sitini na mbili. Barabara kuu. Makaburi hayatahamishwa, lakini hayatalimwa. Mwishoni amri inasema kwamba Kamati, kwa wema wake, inawaachia wenyeji wachague mwezi wa kuondoka, mradi iwe kabla ya mwaka mmoja kwisha.

Hawakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kisha nikasema yangu. Nilisema nilijua tangu mwezi wa tano, kwamba nilitaka mgeni aone moshi, na kwamba moto wa mteremko ni mimi, si Théophile. Nilisema mbele ya mama. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa.

Mjomba aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba mtu atumwe kumwita Théophile. Hakusema neno jingine kwangu, na nadhani hatasema tena. Watu wakaanza kutazama pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, kama inavyofanywa kwetu.

Mama ndiye aliyesimama. Alikuwa bado na kitambaa kile chenye ukingo ulioungua. Alikuja mpaka karibu nami, akaangalia daftari nililoshika.

"Uko na hesabu ya mvua humo?" akauliza.

Nikasema ninayo, nimenakili humo jumla za miaka saba.

"Mwezi ulichagulia mugeni ulikuwa muzuri," akasema. "Basi utuchagulie na siye. Tutoke mwezi gani?"

Nikafungua. Nikashindwa kupata ukurasa, akanishikia upande mmoja. Nikatazama mvua, nikatazama baridi, nikafikiria mihogo iliyopandwa juzi na wazee watakaotembea siku mbili. Nikasema mwezi wa sita, siku za mwanzo, mihogo ikiwa imekomaa na njia ikiwa kavu.

Mama akawageukia watu akawaambia mwezi wa sita. Wakaitikia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza sababu.